Nina mimba ya pili na yale mawazo yameanza kurudi. Nimwambie nani kliniki?

Mama Shiko wa Pipeline

Hamjambo wenzangu. Huwa napita hapa nasoma tu, leo nimeamua kuandika kwa sababu usingizi umekataa na Baba Shiko yuko zamu. Ni askari wa usiku Industrial Area, kwa hiyo tangu jua litue mpaka asubuhi ni mimi na mtoto.

Nina mimba ya miezi saba. Shiko, kifungua mimba wangu, ana miaka mitatu. Tunaishi Pipeline, Nairobi, ghorofa ya sita, zile nyumba ambazo kila mlango unafungukia korido na korido inatazama uwazi wa katikati ya ploti, unachungulia mpaka chini kabisa kwenye mitungi ya maji. Kuna ukuta wa kufika kiunoni, juu yake bomba la chuma, na nguo za ploti nzima zinaanikwa hapo. Kwa majirani hapo ni kwa kuanika na kupigia gumzo. Mimi, Shiko alipozaliwa, palinigeukia.

Alikuwa na kama wiki tatu. Nilitoka naye begani nikachukue nepi zilizokauka, na ghafla ikanijia picha kichwani: mikono yangu inamwachilia juu ya lile bomba. Sikusikia sauti yoyote. Hakuna aliyeniambia fanya hivi. Ni picha tu, lakini ilikuwa wazi mpaka nikaona jinsi blanketi lake la njano linavyofunguka likishuka. Magoti yaliniishia nguvu. Nilirudi ndani nikatia komeo, nepi nikaziacha zinyeshewe. Tangu hapo nikawa napita korido nikijibana upande wa milango ya watu, mtoto nimemfunga kwa leso mbili, moja juu ya nyingine, ninazivuta mafundo kila hatua.

Kisha ikaja ya kisu. Nilikuwa nakata sukuma, mtoto amelala kitandani hapo hapo, maana nyumba ni chumba kimoja. Kisu nikakipandisha juu ya kabati. Mwishowe nikawa nampelekea Mama Otis wa mlango wa pili mboga anikatie, nikimwambia mkono umeteguka. Kuogesha mtoto nikamwachia baba yake akirudi asubuhi, hata kama ni saa nne na mtoto anakaa na maziwa shingoni tangu usiku.

Naomba mnielewe hapa. Nilimpenda huyo mtoto vibaya sana. Sikuwahi kumkasirikia. Niliogopa mikono yangu.

Sikumwambia mtu. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Murang'a kunipikia njahi na uji, ningeanzia wapi? Angebeba mjukuu wake siku hiyo hiyo. Kliniki ya wiki sita sista aliuliza mtoto ananyonya, nikasema ananyonya. Damu imekatika? Imekatika. Akampima, akamchoma sindano, akaandika kwenye kitabu, akaita mwingine. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Mambo yakapungua polepole Shiko alipoanza kutambaa, nikadhani yameisha.

Majuzi nilikuwa nasugua sufuria, ile picha ikarudi. Mara hii mtoto hana sura, maana hata hajazaliwa. Tangu siku hiyo kisu kiko juu ya kabati tena.

Sasa nauliza. Hili jambo lina jina? Nikimwambia sista wa kliniki atanifanyia nini? Wengine husema unapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, wengine husema ofisi ya watoto inaitwa, wengine polisi. Na kama kuna mtu wa kuongea naye, ni pesa ngapi? Mimi nauza nguo za watoto za mitumba pale Taj (jumba lilibomolewa 2018, jina likabaki), na siku mbaya narudi na mia tatu. Tafadhali msiniambie nisiwaze. Hiyo nimejaribu.

Mkunga wa Eastlands

Mama Shiko, pole, na asante kwa kuandika mambo yalivyo bila kuyazungusha. Mimi ni mkunga, nimekaa kliniki za kaunti upande huu miaka mingi, nitakujibu kama vile umekaa mbele yangu na mlango umefungwa.

Jina lipo. Tunayaita mawazo vamizi. Yanakuja bila kuitwa, yanachagua kile unachokiogopa kuliko vyote, na yanakuacha ukitetemeka. Tena si ya watu wachache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada waliwauliza kina mama waliotoka kujifungua: karibu nusu yao walikuwa wamejiwa na wazo la kumdhuru mtoto kwa makusudi. Yale ya ajali, mtoto kuanguka, kukabwa, kuacha kupumua, karibu kila mmoja alikuwa nayo. Na walipofuatilia hawakukuta kwamba wenye mawazo hayo ndio wanaoumiza watoto. Nusu nzima, mwanangu. Hebu tazama benchi la kliniki siku ukienda, kisha gawanya.

Kwa wengi wazo linapita, mama anashtuka, anaendelea na ufuaji wake. Kwa wengine linashika, na mama anaanza kupanga maisha yake kwa kulikwepa: hakati mboga, haogeshi, hapiti korido. Likifika hapo ni ugonjwa wa wasiwasi, ule unaoitwa OCD, na wakati wa mimba na miezi ya kwanza ya mtoto ni wakati ambapo hupenda kuanza au kuzidi. Kinachoulisha ni huko kukwepa. Ukipandisha kisu juu ya kabati na mtoto akabaki salama, akili yako inasema, ahaa, kumbe ni kabati lililomwokoa. Kesho inataka na mkasi upande. Tiba inaenda kinyume cha hapo, pole pole, ukiwa na mtu anayejua anachofanya.

Sasa ngoja niseme jambo kwa kila anayesoma, maana hapa ndipo watu huchanganya na ndipo hofu ya Mathari inapotoka. Kuna ugonjwa mwingine kabisa, saikosisi ya baada ya kujifungua. Ni nadra, mama mmoja au wawili katika kila 1,000, na mara nyingi huanza ghafla ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama huyo haogopi mawazo yake, anayaamini. Anakesha usiku mbili tatu na hasikii uchovu, anaongea mbio, anasikia sauti, anasema mtoto amebadilishwa au si wake, sasa hivi ni huyu na baada ya saa moja ni mtu mwingine. Huyo usimwache peke yake na mtoto. Usingojee Jumatatu, usianze na mkesha wa maombi. Ni kasualti usiku huo huo. Anatibiwa na anapona, lakini ni dharura sawa na kutokwa damu. Mama ambaye aliwahi kuugua hivyo, au ana baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), au dada yake au mama yake aliwahi, aseme tangu kliniki ya kwanza ili awekwe macho.

Kwa ulivyoandika, Mama Shiko, wewe huko siko uliko. Ila mimi nasoma tu maandishi, lazima uonwe uso kwa uso.

Ukimwambia sista atafanya nini? Sitakudanganya kwamba kila sista ni mpole, mimi mwenyewe ikifika saa sita na foleni haijasonga nakuwa na ulimi. Kwa hiyo msaidie. Usiseme ukiwa kwenye mizani mbele za watu. Ngoja uingie chumba cha kupima tumbo, na kabla hujapanda kitandani sema, "Sista, nina shida ya mawazo, naomba tuongee mlango ukiwa umefungwa." Ukianza na "sijisikii vizuri" utatoka na vidonge vya maumivu na foliki.

Huenda akakuuliza yale maswali kumi ya Edinburgh, ya kupima sonona kwa kina mama. Yalitungwa 1987, yanauliza kuhusu siku saba zilizopita, na alama zinafika 30. Ni kipimo kizuri, kimeokoa wengi. Kwako kina tundu moja: hakiulizi kuhusu picha kama zako. Unaweza kuyajibu yote kumi kwa ukweli mtupu na lile bomba la korido lisitajwe hata mara moja. Kwa hiyo litaje wewe. Usiseme "nina mawazo mabaya", sema bomba, sema kisu. Swali la kumi linauliza kama umewaza kujidhuru. Hapo wengi huficha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Jibu kweli.

Mama anayeogopa mawazo yake na amekuja kutafuta msaada hapokonywi mtoto. Polisi wa nini? Na hata ukiandikiwa Mathari, kuna kliniki ya kutwa pale: unaona daktari, unachukua dawa, unapanda matatu ya Thika Road unarudi kwa Shiko. Kenyatta nako kuna kliniki ya akili.

Pesa: jiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, kama bado, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, maana ukiwa umejiandikisha, huduma za msingi katika vituo vya chini zinalipiwa na serikali. Uliza kama kituo chako kina mshauri. Mara nyingi yuko upande wa kliniki ya HIV, watu hawamfikirii, na amezoea kusikia mazito kuliko yako. Vyuo vinavyofundisha ushauri nasaha huwa na wanafunzi wanaokaribia kumaliza, wanaona watu kwa pesa kidogo wakisimamiwa. Usiku ukizidiwa, 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure.

Mama Pacha, Umoja

Mama Shiko nimesoma hapo kwa bomba nikaweka simu chini. Mimi yangu ilikuwa karai.

Nilizaa mapacha, na kila nikiweka maji ya kuoga naona mmoja ameenda chini na mkono wangu ndio uko juu yake. Nikawa nawapangusa tu kwa kitambaa. Wiki zikaenda. Shingo zikatoka vipele, mama yangu akaja akauliza hawa watoto wanaogeshwa na nani.

Niongeze mambo mawili matatu kwa aliyosema mkunga, na moja nimpinge kidogo.

La kupinga: mwanafunzi wa ushauri anaweza kuwa mzuri, lakini hili jambo si kila mshauri analijua, awe mwanafunzi awe mwenye ofisi ya vioo. Wa kwanza niliyempata aliniambia nifikirie mambo mazuri na niandike vitu vya kushukuru kila jioni. Mtu mzuri tu. Mawazo yakazidi, kwa sababu sasa nilikuwa na kazi ya kuyafukuza na daftari la kujaza. Kwa hiyo piga simu kwanza, uliza wazi, "Umewahi kumhudumia mtu mwenye OCD?" Akizunguka, shukuru ukate. Uliza pia kama amesajiliwa, kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, si kila mwenye bango ni mshauri.

Wa pili ndiye alinifaa. Bei yake ilikuwa 2,500 kwa saa, nikamwambia sina, tukakubaliana 1,500 na tuonane kila baada ya wiki mbili, katikati tunaongea kwa simu. Uliza upunguziwe, si aibu, wengi wana bei ya mwenye nacho na ya asiye nacho.

Siku ya kwanza nilimwambia lote. Nilikuwa nimejiandaa aruke kwenye kiti. Alinitazama tu akauliza, "Hilo karai ni la rangi gani?" Nikasema bluu. "Maji huwa yanafika wapi?" Nikamwonyesha kwa vidole. Nilishangaa kwamba tunaongea kuhusu karai kama watu wanaongea kuhusu karai.

Halafu tukapanga ngazi. Kwanza kujaza maji na kukaa karibu nayo, watoto wako kwa jirani. Nikizoea, mtoto mmoja miguu tu, baba yake amesimama mlangoni. Nikizoea, baba yake awe nje kwenye ngazi. Halafu asiwepo. Na sheria ilikuwa moja: wazo likija, lisifukuzwe. Nisiombe haraka haraka ili liondoke, nisihesabu, nisimtoe mtoto majini. Nikae nalo mpaka mwili utulie wenyewe. Mara ya kwanza nilitoka jasho mpaka blauzi ikashika mgongoni. Lakini mwili unatulia kweli. Hauwezi kupiga king'ora siku nzima.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea. Nilikuwa namuuliza mume wangu, "Mimi siwezi kuwaumiza, si ndiyo?" Asubuhi, mchana kwa simu, usiku. Naye maskini anajibu, "Huwezi, mpenzi." Mshauri alimwita akamwambia aache kunijibu. Aseme tu, "Hilo ni swali la ule ugonjwa," kisha anipe ugali. Niliwachukia wote wawili kwa muda. Ndicho kilichosaidia zaidi ya vyote, kwa sababu kila akinijibu nilikuwa napata nafuu ya nusu saa na swali linarudi na mdomo mkubwa zaidi.

Mapacha sasa wako PP1, chekechea. Wanajimwagia maji wenyewe, bafu zima linalowa.

Muumini wa Kasarani

Dada, hizo ni roho za mauti zinatafuta uzao wako. Washauri ni wa dunia. Funga siku saba, upakwe mafuta, na uondoe kila kitu cha kipepo ndani ya nyumba.

Mama Shiko wa Pipeline

Asante Muumini. Kuomba ninaomba, na nitaendelea. Kufunga siku saba na mimba ya miezi saba na mtoto wa miaka mitatu, hiyo hapana. Na ndani ya nyumba yangu kuna kitanda, meko na mabunda ya mitumba, sijui nianzie kutoa nini.

Mkunga na Mama Pacha, nimesoma mlichoandika nikarudia. Ile ya kumuuliza mume imenigusa, maana mimi sikumuuliza yeye, nilikuwa najiuliza mwenyewe. Narudi nyuma kichwani, je, nilimshika kwa nguvu? Je, nilitabasamu? Usiku kucha.

Mkunga wa Eastlands

Hilo nalo ni lile lile. Kujikagua ndani kwa ndani. Mtajie mshauri, akuwekee kwenye ngazi.

Na Muumini, maombi hayagombani na kliniki. Nimewapokea wake wa wachungaji.

Baba Ray, Zimmerman

Naandika kama mwanaume maana naona tumenyamaza. Mimi ni mtu wa nduthi. Ray alipozaliwa tulikuwa ghorofa ya nne na ngazi hazina reli upande mmoja. Kila nikimbeba kushuka, naona ameniponyoka. Nilishuka zile ngazi kwa makalio, mtu mzima, majirani wakidhani natania mtoto. Sikujua hata kwamba wanaume nao hupata.

Kwa Baba Shiko nina neno moja: usingizi. Mama asipolala mawazo yanapata nguvu, hilo nililiona kwa macho. Najua sheria ya ajira ya 2007 inatupa wiki mbili mtoto akizaliwa, na inawapa kina mama miezi mitatu kwa mshahara kamili. Muulize askari wa usiku au kibarua wa mjengo kama amewahi kuiona hiyo sheria. Lakini hata ukirudi saa moja asubuhi umechoka, chukua mtoto masaa matatu, mama alale kitandani mlango umefungwa, halafu mbadilishane. Dada yako au mpwa kama yupo kijijini, afadhali aje mwezi wa kwanza alale hapo usiku kuliko kutumiwa pesa za kukuleteeni ndizi.

Mama Shiko wa Pipeline

Nimerudi wenzangu, nilienda.

Nilifuata maneno ya mkunga kama yalivyo. Nilingoja chumba cha kupima tumbo, sista alikuwa anavaa glavu, nikasema nina shida ya mawazo naomba mlango ufungwe. Alisimama na glavu moja. Komeo ya mlango imevunjika, akavuta kiti akakiegemeza, akakaa kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa kwa sababu kiti kilikuwa mlangoni, mimi nikakalia stuli yake. Nikasema bomba, nikasema blanketi la njano, nikasema kisu. Kuna mtu alisukuma mlango mara mbili akafokewa arudi kwenye benchi.

Aliniuliza kama nasikia sauti. Hapana. Kama nataka kufanya. Nikalia hapo, sikuweza kujibu, akasema, "Basi, hilo ni jibu." Akaniambia si mimi wa kwanza kumwambia, wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule. Aliandika karatasi ya kunituma hospitali ya kaunti kwa daktari wa akili, Alhamisi, na kwenye kitabu changu cha kliniki akaandika kwa kifupi tu ili anayenizalisha ajue. Nilimwomba asiandike kisu. Hakuandika.

Nimebaki na mawili. Amesema huenda nikaandikiwa dawa. Dawa na mimba hii, na mtoto anyonye, inakuwaje? La pili ni mama mkwe. Anakuja tena mwezi ujao na njahi zake. Nimwambie?

Mkunga wa Eastlands

Hongera. Huyo sista wa glavu moja nampa mkono.

Dawa ataamua daktari akikuona, si kila mtu huanzishiwa, wengine mazungumzo pekee yanatosha. Ikibidi, moja ambayo hutumika sana kwa wajawazito na wanaonyonyesha ni sertralini, kwa sababu inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Daktari atapima: dawa ina hatari zake ndogo, na mama asiyelala, asiyekula, asiyemgusa mtoto, hiyo nayo ni hatari kwa mtoto. Ukianza usitegemee wiki ya kwanza, dawa hizi huchukua wiki kadhaa, na kwa OCD zinaweza kuchelewa zaidi, hata miezi miwili mitatu. Ukijisikia vizuri usiikate ghafla peke yako. Wengi hufanya hivyo na wanarudi kwangu wakiwa vibaya kuliko mwanzo. Mwambie atakayekuzalisha pia kwamba unaitumia, ili mtoto aangaliwe siku za kwanza.

Na wewe au yeyote anayesoma aliye na mimba na anatumia sodiamu valproeti, iwe ya kifafa au ya baipola: hiyo humdhuru mtoto tumboni. Usiiache ghafla, lakini mwone daktari wiki hii. Dawa za usingizi za kuchukua tu kemisti, sahau.

Mama mkwe mpe kazi, usimpe picha. Mwambie, "Mama, daktari amesema nisikeshe na nisiachwe peke yangu usiku mwezi wa kwanza." Kazi atakuwa nayo, na kichwa hakitamuuma. Siyo uongo hata kidogo.

Mama Pacha, Umoja

Hapo kwa mama mkwe nampinga mkunga tena, anisamehe, itakuwa leo ni siku yangu ya kupinga. Wangu nilimwambia lote, na karai. Alikaa kimya akichambua maharagwe, kisha akaniambia kwamba alipomzaa mume wangu kule Kitui alikataa kwenda kisimani na mtoto mgongoni, na mama yake mwenyewe akamwita mvivu mwaka mzima. Hakuwa amemwambia mtu tangu 1986. Lakini wangu si wako. Ukimwona mdomo mwepesi, fuata ya mkunga.

Alhamisi kula kabla ya kutoka, hiyo foleni inaanza kusonga saa tatu, na ubebe karatasi ya sista na kitabu cha kliniki vyote viwili, usije ukarudishwa. Niandikie kwa faragha nikupe namba ya yule mshauri wangu, bado yuko Buruburu na bado ana bei mbili.

Mama Shiko wa Pipeline

Nimekuandikia Mama Pacha. Baba Ray, nimemsomea Baba Shiko ile ya kushuka ngazi kwa makalio, amecheka mpaka akakohoa, kisha akasema Alhamisi ataniachia usingizi wake anisindikize. Shiko atabaki kwa Mama Otis. Nikitoka kwa daktari nitawaambia alichosema kuhusu dawa.